Kicheko cha Ng'ambo ya Mtaro

Siku alipozikwa Telesfori, mzee Malale alifika mazishini amevaa koti la marehemu. Alikolitoa, watu wa nyumba ya marehemu hawakujua. Lilikuwa koti la kijivu lenye kifungo kimoja cheusi na viwili vya kahawia, na kijiji kizima cha Mwamkulu kililifahamu, kwa kuwa Telesfori alilivaa Jumapili kanisani na kila tarehe tisa Desemba uani kwake, siku nyingine likalala sandukuni. Malale ni Msukuma mrefu. Mikono ya koti ilimwishia chini kidogo ya viwiko. Akapita katikati ya waombolezaji, bega la kulia limeshuka, mwendo uleule wa Telesfori, mpaka pale jembe la marehemu lilipoegemezwa kando ya jeneza, kama alivyoagiza mwenyewe. Akalitwaa. Kisha akainama, akachota udongo uliotoka kaburini, akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Udongo huu ni wa maharage," akasema, kwa sauti ya Telesfori na lafudhi yake ya Kirundi. "Nizikeni kwingine. Hapa mimi nataka kulima."

Wafipa, Wakonongo na Wasukuma waliokuwepo wakacheka, na machozi yao yakiwa bado mashavuni. Upande wa ukoo wa marehemu, waliokuja kutoka Katumba kwa basi la kukodi, hakuna aliyecheka. Waliduwaa. Emelyne, binti wa marehemu, hakuduwaa. Alikifungua kitenge chake kiunoni, akakikaza, akakifungua, akakikaza tena, kama afanyavyo siku zote neno zito linapomjaa mdomoni, ndipo akasimama.

"Vua koti la baba yangu," akasema. "Na jembe uliache. Mwizi wewe."

Malale alitabasamu kwanza, akingoja zaidi. "Nipeni jogoo, basi. Mtani halirudishi bure." Lakini baba mdogo Didace, mdogo wake marehemu, alikuwa ameshaulizia mgambo yuko wapi. Malale akawatazama mmoja mmoja, na tabasamu likamwisha. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jeneza. Jembe akalitia begani. Aliondoka nalo kabla ya kula, na kwa wanaojua mambo hayo, mtani kuondoka msibani na njaa ni kama mazishi hayakufanyika.

Msimlaumu Emelyne haraka. Wivu wake haukuzaliwa pale kaburini. Ulikuwa na miaka, na ulilishwa kila jioni.

Telesfori aliingia nchi hii mwaka sabini na mbili, mtoto wa miaka kumi na miwili, anamfuata mama yake aliyefunga mbegu za maharage kwenye pindo la nguo. Baba yao alibaki Burundi, kaburini au porini, hawakujua. Wakapelekwa Katumba, wakati huo msitu mtupu, wakapewa panga na shoka na kuambiwa kaeni. Wapo waliolia. Telesfori alisema baadaye kwamba yeye usiku wa kwanza alilala usingizi mzito, kwa sababu hakusikia mtu akikimbia. Mbegu za mama yake zilipoota katikati ya visiki, akaamini kwamba nchi hii imempokea, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumbadilisha mawazo.

Alilima kama mtu anayelipa deni la shukrani. Adhuhuri ilipofika, popote alipo, jembe lilisimama, kofia ikatoka, akasali sala ya Malaika wa Bwana amesimama kwenye tuta. Mvua ikinyesha, alisali na mvua. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, na rozari yake ilikuwa na punje zilizolainika hadi kung'aa. Uraia ulipokuja, baada ya karibu miaka arobaini ya kusubiri, alihama Katumba na mkewe Médiatrice akaja Mwamkulu, akisema raia anaishi anapotaka. Kila siku ya Uhuru aliwaamsha watoto alfajiri, akavaa koti, akawapanga uani wakaimba wimbo wa taifa, wote na beti zake zote, kuku wakiwa wanawapita miguuni. Jirani waliokuwa wakienda shamba walisimama barabarani hadi uishe, wangefanya nini?

Lakini kitu kimoja kilimkosesha raha. Zamani, akiwa bado Katumba, alikwenda mazishi ya Mnyamwezi mmoja mjini Mpanda, akaona mtu amejilaza ndani ya kaburi, anagoma kutoka mpaka apewe kuku, huku anamtukana marehemu kwa ulafi. Wafiwa wakacheka wakampa kuku. Telesfori akamuuliza aliyekuwa karibu, na sisi watani wetu ni akina nani? Yule akafikiri, akasema, "Nyie Warundi? Nyie hamna."

Neno lile lilimuuma kuliko miaka yote ya kuitwa mkimbizi. Cheti cha uraia alikipata, akakitia kwenye fremu, akakitundika chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Ila cheti hakimtanii mtu. Nani atakuja kumtukana siku akifa?

Ndipo ng'ombe wa Malale walipovuka mtaro wa maji na kula kitalu chake chote cha mpunga. Kesi ikafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kila mtu alijua kesi za wakulima na wafugaji zinavyokwenda. Wengine walikuja na fimbo, wamejiandaa. Mwenyekiti akamuuliza Telesfori anataka fidia gani.

"Fidia sitaki," akasema Telesfori. "Nataka anitukane."

Malale akakuna shingo. "Utani hauombwi kama chumvi, mzee." Telesfori akabaki anamtazama, macho ya mtu mwenye njaa. Malale akashusha pumzi. "Ng'ombe wangu wamekula mpunga wako wakaharisha. Warundi mnapanda mpunga, au mnapanda shubiri?"

Telesfori akafikiri muda mrefu, jasho likamtoka. "Wameharisha kwa sababu walikunywa maji uliyoogea," akajibu mwishowe.

Hapo utani ukafungwa, mbele ya mashahidi. Tangu siku hiyo, jua likianza kulegea, Telesfori alivuka gogo la mtarini akaenda kwa Malale, na baada ya muda kidogo kicheko kikasikika. Kilianza chini chini, kama pikipiki inayokataa kuwaka, kisha kikawaka, kikasambaa juu ya majaruba ya mpunga hadi ng'ambo hii, kwa Emelyne.

Kicheko kile Emelyne hakuwahi kupewa. Yeye aliolewa Kibaoni, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani mwaka uleule mama Médiatrice alipofariki. Kaka zake walikwishatawanyika. Séverin, mkubwa wao, yuko Karema anavua dagaa. Basi akabaki yeye na baba. Alilima naye, akapalilia naye, msimu wa ndege wala mpunga, kweleakwelea, akashinda juani kuwafukuza, koo likamkauka. Akimaliza kazi ngumu kuliko zote, Telesfori aliikagua kuanzia mwanzo wa tuta hadi mwisho, akasema, "Sawa." Neno moja. Mchana shamba lilikuwa na baba, adhuhuri Mungu alikuwa na baba, Desemba nchi ikamchukua pamoja na koti lake. Hao Emelyne aliwavumilia, maana utamwonea wivu Mungu ukamshitaki wapi? Lakini Malale, mzee wa wake wawili, asiyebatizwa, ambaye akisalimiwa Tumsifu Yesu Kristo hujibu "na ng'ombe wangu pia", huyo alipewa jioni zote!

Mara moja alijikaza akamuuliza baba yake, "Huwa mnacheka nini kule?"

Telesfori alitazama pembeni. "Mambo ya wazee," akasema, akaomba maji ya kunawa.

Emelyne alikifungua kitenge akakikaza, akaenda kuleta maji. Na jioni iliyofuata kicheko kikaja tena juu ya mpunga, naye akaupiga udongo kwa jembe hadi mpini ukamtoa malengelenge. Kijiba cha roho kikikukaa hakiulizi kama una haki.

Sasa baba amekufa, na Malale amechukua jembe.

Jembe lile halikuwa chuma tu. Kwao, tanga haliishi mpaka yule atakayeshika mji asimame mbele ya ndugu, ashike jembe la marehemu mwenyewe, na kupiga udongo mara ya kwanza. Kabla ya hapo hakuna wa nyumba ile anayepanda. Baba mdogo Didace alikwishakubali, baada ya kukohoa sana, kwamba atakayelishika ni Emelyne ingawa ni mwanamke, kwa kuwa ndiye aliyebaki. Siku ilipangwa Jumamosi. Mawingu ya Novemba yalikwishaanza kukusanyika upande wa ziwa.

"Na kama jembe halipo," alisema Didace, akivaa viatu vyake, "maneno yatarudi mezani. Séverin naye ni mtoto. Twende tukamshitaki yule Msukuma."

Emelyne alikuwa tayari. Alikuwa na kitenge kimekazwa na maneno yote ya kumwambia mwenyekiti. Lakini njiani walikutana na katekista Selestine, Mfipa wa makamo aliyekuwa akija kukaa na marehemu siku zake za mwisho, kusali na kuzungumza naye. Alipoelezwa safari yao, alianza kucheka, akajizuia kwa ajili ya msiba.

"Dada Emelyne, hamjaibiwa. Mmetaniwa. Ukimpeleka mtani serikalini utachekwa hadi Sumbawanga."

"Alivaa koti la marehemu," akasema Didace.

"Koti alipewa. Nilikuwepo. Wiki ile ya mwisho mzee alimwita Malale kitandani, akamwambia, siku yangu uje ulivae, na jembe uchukue, na uhakikishe wanangu wanalikomboa vizuri. Usiwaonee huruma. Walilicheka sana hilo koti, wote wawili."

Emelyne akamgeukia. "Nilikuwa wapi mimi?"

"Ulikwenda kumchotea maji."

Basi hata hapo. Amemwogesha, amemgeuza, amemlisha uji kwa kijiko, na dakika alizotoka na ndoo, Malale akaingia akapewa kifo chenyewe akipange, pamoja na vichekesho vyake. Roho ilimuuma Emelyne hata akashindwa kumwangalia Selestine usoni. Didace akauliza jembe linakombolewaje. Selestine akasema kwa jogoo na kwa mdomo. "Na jogoo peke yake hatoshi. Mtu wa nyumba lazima amtukane."

Didace akasema yeye hawezi, kwao hawakulelewa hivyo. Akageuka nyumbani.

Ijumaa, jua likiwa bado juu ya miembe ya mbali, Emelyne alivuka gogo la mtarini, jogoo kwapani. Hakuwahi kuvuka tangu utani ule ulipofungwa, alikuwa amejiapiza. Alishangaa jinsi palivyo karibu. Kigoda cha baba yake kilikuwa pale pale chini ya ukuta wa zizi, alikitambua kwa jinsi mguu mmoja ulivyofungwa kamba. Alikuwa amekitafuta nyumbani mwaka mzima.

Malale alikuwa anamkagua ndama. Mkewe mkubwa, Hana, alikuwa anaanika michembe juu ya mkeka, viazi vyao vilivyokatwa vipande.

"Shikamoo mzee. Nimefuata jembe."

"Jembe gani? La yule Mrundi aliyekuwa anaonja udongo kama mjamzito?" Malale akampokea jogoo, akampima kwa kumwinua. "Na huyu ni jogoo au ni kifaranga aliyefiwa? Naona nyumba yenu kilio kimewafikia hadi kuku."

Emelyne alikuja na tusi moja alilolitunga usiku kucha, likamtoka kichwani lote. Akafungua kitenge, akakikaza. Akakifungua, akakikaza tena.

Hana alitazama, akaziba mdomo kwa kiganja. Malale naye alitazama, mashavu yakamjaa, na ghafla akaangua kicheko, akamshika ndama asianguke.

Hapo mtungi ukapasuka. Miaka yote ikamwagika kwa mkupuo.

"Unanicheka nini? Wewe mla michembe, unanuka zizi mpaka nzi wako wanatafuta uhamisho! Umekunywa pombe yote ya baba yangu, umekaa na baba yangu kila jioni, mimi nimebaki kule napika na ugali unapoa. Kicheko chake chote umekila wewe. Umeshiba nacho, umenenepa nacho, hukuniachia hata ukoko. Amekufa, ukachukua na jembe. Huna haya? Hata ng'ombe wako wanakuonea haya, ndiyo maana wakikuona wanageuza matako!"

Akaishiwa pumzi. Ndama akakoroma puani. Kisha Hana akapiga kigelegele kimoja kirefu, kama harusini.

"Amelipa," akasema Hana. "Mpe mtoto jembe lake."

Malale alifuta macho. Akaingia ndani, akatoka na jembe. Mpini ulikuwa umepakwa samli, bapa limesuguliwa likang'aa. Akampa kwa mikono miwili.

"Sikutania," akasema Emelyne. "Nimesema ukweli."

"Ndio utani wenyewe, binti. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Ulifikiri baba yako alikuwa ananitungia? Alikuwa ananisema kweli tupu, nikirudi ndani silali."

Kazi ilikuwa imekwisha. Jembe alikuwa nalo, Jumamosi imepona, mji ni wake. Angeweza kuondoka. Lakini miguu ilikataa, na swali lile la zamani likamtoka tena, safari hii kwa mtu aliyekuwa na jibu.

"Mlikuwa mnacheka nini, mzee?"

Malale na Hana wakatazamana. Malale akavua kofia. Akashusha shuka lake begani, akalifunga kiunoni, akalifungua, akalikaza, akalifungua, akalikaza tena, midomo ameibenua, macho ameyakaza mbele kama anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Kisha akaokota fimbo, akaipunga juu angani na kupaza sauti nyembamba, yenye ukali wa dada mkubwa:

"Nyie kweleakwelea! Hamna mama nyie? Hamkufundishwa kulima? Rudini kwenu mkamsalimie baba yenu, mwambieni Emelyne kasema aone haya!"

Emelyne alisimama ameshika jembe. Maneno yale aliyajua. Alikuwa akiyasema peke yake majarubani, jua kali, akiamini hakuna anayemsikia.

"Kila jioni," akasema Malale, kwa sauti yake sasa. "Anafika, hajakaa vizuri, ameshainuka anakuigiza. Leo Emelyne kamgombeza mbuzi hivi. Leo Emelyne kaimba kwaya, kamtangulia mwalimu, kwaya nzima ikamfuata kwa woga. Mimi nacheka, yeye anacheka kunipita. Nikamwambia, kwa nini huchezi haya nyumbani kwako? Akasema kwao baba hacheki na binti yake. Nikamwambia kwetu pia vivyo hivyo, unafikiri watani tuliwekwa wa nini?" Akaketi juu ya kigoda cha Telesfori, akanyoosha miguu. "Mimi nilikuwa nakuonea wivu, nikwambie ukweli. Watoto ninao wengi, Mungu kanipa. Hakuna hata mmoja ninayeweza kumwigiza. Sijawatazama kiasi hicho."

Emelyne alimfikiria mwanamke yule wa ng'ambo hii ya mtaro, mwenye kitenge kisichokaa, mkali kwa ndege, ambaye kila jioni alisubiriwa, akaigizwa na kuchekewa na mtu aliyemtazama siku nzima bila kusema zaidi ya neno moja. Mwanamke yule alikuwa na baba. Akamwonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea Malale, kuliko nchi na Mungu, kwa sababu yeye alipewa yote na hakuambiwa.

Giza lilikuwa linaanza kushuka juu ya mpunga, na nyumbani Didace bila shaka alikuwa anachungulia barabarani. Emelyne aliliegemeza jembe kwenye ukuta wa zizi. Akaketi juu ya mkeka, karibu na michembe ya Hana.

"Mzee," akasema, "igiza tena."